Nusu Inchi ya Cheni

"Fundi, kata pingili moja tu, ya cheni mpya nitaleta mwisho wa mwezi."

Maneno haya yamesemwa chini ya miarobaini mingi kuanzia Mtwapa hadi Malindi. Mwenye baiskeli anaona cheni imelegea, basi kwake dawa ni kuifupisha. Fundi anatikisa kichwa. Ubishi huo mdogo una mizizi ya zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1880, Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alipata hataza ya cheni yenye vigurudumu vidogo juu ya pini zake. Miaka mitano baadaye John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover, ambayo cheni yake ilizungusha gurudumu la nyuma. Hatimaye watengenezaji wakatulia kwenye kipimo kimoja: nusu inchi, yaani milimita 12.7, kutoka pini hadi pini. Ndiyo maana black mamba ya Raleigh kutoka Nottingham, Hero ya Ludhiana na Phoenix ya Shanghai zote zinavaa cheni ya duka moja la spea pale Kilifi.

Pwani yetu iliipa cheni hiyo kazi ngumu. Baiskeli ilibeba mitungi ya maji, mnazi kutoka Kaloleni, magunia ya mkaa, samaki, na abiria kwenye karia. Kuna mchanga, kuna upepo wa chumvi. Mafuta yakinasa mchanga yanageuka msasa.

Watu husema cheni "imevutika". Chuma hakivutiki hivyo. Kinacholika ni pini na tundu inamozungukia, kidogo kidogo, kila pingili. Ile nusu inchi inazidi, na cheni inaanza kupanda juu ya meno badala ya kukaa mashimoni mwake.

Kipimo chake ni rula ya inchi 12. Weka sufuri katikati ya pini moja, kaza cheni, hesabu nafasi 24. Cheni nzima itafika kwenye 12 sawasawa. Pini ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni. Huenda meno bado yako sawa. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, mara nyingi meno nayo yamekwisha. Huna rula? Ivute cheni kwa vidole kutoka mbele ya meno makubwa ya pedeli. Ukiona mwanga chini yake, angalia meno yenyewe. Yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa, cheni mpya peke yake itaruka tu, tena siku umebeba mzigo, mlimani, na lori liko nyuma.

Sasa rudi kwa yule anayetaka pingili ikatwe. Kukata kunapunguza urefu wa cheni nzima, lakini nafasi iliyozidi kwenye kila pini inabaki palepale. Baiskeli inaonekana imepona huku ikiendelea kula meno ya mbele na fraiwili. Aliyekwepa bei ya cheni atalipia vitu vitatu. Hata hivyo tusimcheke: anayekula kwa mitungi aliyouza leo hana akiba ya mwisho wa mwezi. Fundi anajua hilo pia, ndiyo maana wakati mwingine anakata, akimwonya.

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na abiria wengi wakahamia huko. Ungedhani ujuzi wa fundi wa baiskeli ungekufa. Lakini cheni ya pikipiki nyingi za bodaboda, ingawa ni nene zaidi, nayo ni milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Rula ni ileile. Na kijana aliyeegesha pikipiki yake chini ya mwarobaini anasema yaleyale: "Fundi, kata pingili moja tu."