Konda, Dereva na Ubongo wa Mzee

Ndugu msomaji, historia ninayotaka kukupa leo haina mfalme, haina mkoloni, wala haina vita. Ina makonda wa mabasi, panya, ndege wa kufugwa, na wazee waliokubali kutembea mwaka mzima ili wapimwe ubongo. Nimeichagua makusudi. Tumezoea kuambiwa historia ni ya wakubwa waliopindua serikali. Hawa wamepindua imani moja iliyokaa vitabuni karibu karne nzima, na wengi wao hawakupigiwa makofi.

Tuanzie London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa unawafagia wanaume wa Uingereza. Akayatazama mabasi ya ghorofa. Ndani ya basi moja mna watu wawili: dereva, ambaye kutwa nzima amekalia kiti, na konda, ambaye kutwa nzima anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Mwajiri wao mmoja, tabaka lao moja. Mwaka 1953 Morris akachapisha matokeo: makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, maradhi yao yalikuwa mepesi zaidi.

Jamaa mwingine angeishia hapo na kujipongeza. Morris hakulala. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaenda kuchungulia sare za wafanyakazi, yaani vipimo vya viuno vya suruali zao. Kumbe madereva walikuwa wanene kuliko makonda hata wale wenye umri mdogo. Sasa hapo ndugu yangu kuna kazi. Je, ni kiti kilichouharibu mwili wa dereva, au mwili wa dereva ndio uliochagua kiti? Lishike swali hili, maana litatusumbua mpaka mwisho.

Morris alikuwa mtu wa moyo. Habari za ubongo zilikuja baadaye. Mwaka 1975, huko Texas, Marekani, mtafiti Waneen Spirduso aliwapanga wanaume katika makundi: vijana na wazee, wanamichezo na wasio wanamichezo. Akapima jambo dogo tu: taa ikiwaka, mkono unachukua muda gani kuanza kwenda? Wazee wanaocheza michezo waliwaacha mbali wazee wenzao wa kukaa, wakawa wanakaribiana na vijana. Wepesi huo si wa misuli peke yake. Ubongo ndio unaoona taa, ndio unaotoa amri.

Lakini swali la suruali likarudi palepale. Nani bado anacheza michezo akiwa na miaka sitini? Pengine ni yule aliyejaliwa afya tangu mwanzo. Dawa ya swali hilo ni moja: usingoje watu wajichague, wachague wewe kwa bahati nasibu. Chukua wazee wasiofanya mazoezi, wagawe, hawa wafanye hivi, wale wafanye vile, halafu upime. Robert Dustman na wenzake walijaribu njia ya namna hiyo katika utafiti waliouchapisha mwaka 1984. Kisha mwaka 1999 Arthur Kramer na kundi lake wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa habari za wazee 124 wenye miaka 60 hadi 75. Kundi moja lilitembea kwa bidii miezi sita. Kundi la pili lilinyoosha viungo tu. Waliotembea walipata nafuu katika kazi zile ambazo uzee huziwahi: kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kuchanganyikiwa, na kuyapuuza yasiyohusika. Kutembea tu, bwana. Hakuna sindano, hakuna kidonge.

Wakati huohuo, mlango wa pili wa hadithi hii ulikuwa unagongwa na watu wasiofunguliwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906, alifundisha kwamba katika ubongo wa mtu mzima seli za neva hufa, hazizaliwi. Neno la mkubwa likawa sheria. Mwaka 1962 Joseph Altman, mzaliwa wa Hungary aliyekuwa akifanya kazi Massachusetts, aliuliza katika jarida la Science kama kweli mambo ni hivyo. Mwaka 1965, pamoja na Gopal Das, akaonyesha dalili za seli mpya katika ubongo wa panya, katika sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ni mlango wa kumbukumbu. Unadhani alishangiliwa? Wakubwa walimpita kimya kama watu wanavyompita kichaa sokoni. Akahamia Chuo Kikuu cha Purdue, akaendelea na kazi yake. Mwaka 1977 Michael Kaplan akaleta picha za darubini ya elektroni zilizomuunga mkono. Naye hakusikilizwa, na hatimaye aliuacha utafiti huo akawa daktari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Fernando Nottebohm wa New York akawaonyesha ndege aina ya kanari, ambao ubongo wao mkubwa huota seli mpya. Wapinzani wakasema, haya, hao ni ndege. Mwaka 1985 Pasko Rakic wa Chuo Kikuu cha Yale akasema amewachunguza nyani na hakuziona seli hizo. Mlango ukafungwa tena.

Uliofungua ni msaada wa marehemu watano. Walikuwa wagonjwa wa saratani nchini Sweden, ambao enzi za uhai wao walipewa dawa inayotia alama kwenye seli zinazozaliwa. Walipofariki, Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao wakazitafuta alama hizo ndani ya hipokampasi, wakazikuta. Hiyo ni 1998. Mwaka uliofuata Henriette van Praag, katika maabara ya Gage huko California, akaonyesha kuwa panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walikuwa na seli mpya nyingi kuliko waliokosa. Altman, aliyeuliza swali tangu 1962, alitunukiwa tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias mwaka 2011. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini. Mwenzangu unayetuma hadithi zako kwa wahariri na kurudishiwa bahasha, hilo nakuachia ulitafune mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2011, milango miwili ikakutana. Kirk Erickson, Kramer na wenzao waliwachukua wazee 120, wakawagawa. Nusu walitembea siku tatu kwa wiki, wakianza na dakika kumi hadi kufikia arobaini. Nusu walinyoosha viungo. Baada ya mwaka, mashine ya sumaku ilionyesha hipokampasi ya watembeaji imeongezeka kwa asilimia 2 hivi. Ya wenzao ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4. Umri ulikuwa umerudishwa nyuma kidogo, kwa miguu.

Ningependa kukuaga hapa, ukiwa umefurahi. Lakini historia ya kweli haiishii kwenye vigelegele. Mwaka 2015 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wazee 1,635 wa miaka 70 hadi 89, ulimaliza miezi 24 bila kuona kwamba mazoezi yameushinda ufundishaji wa kawaida wa afya katika kulinda akili. Mwaka 2018 Waingereza waliwapa mazoezi mazito wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepotewa na kumbukumbu, na ugonjwa haukupungua kasi. Na mwaka huohuo makundi mawili ya wanasayansi yaligongana hadharani: moja likisema seli mpya hazionekani kwa mtu mzima, jingine likisema zinaonekana hata kwa mzee. Mimi ugomvi huo haunitishi. Ni suruali za Morris zilezile zinaendelea kupimwa. Ninachokielewa ni kwamba mazoezi si uganga. Aliyechelewa sana hayamrudishi, na anayeyaahidi kama miujiza anakuuzia maneno.

Kuna sehemu ya historia hii iliyo nyumbani. Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, Wahadzabe huchimba mizizi, hurina asali na kuwinda. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake walitoa vipimo vyao: zaidi ya saa mbili za jasho kila siku, na wazee wao hawakuwa wameachwa nyuma. Mwaka huohuo Raichlen na Gene Alexander wakatoa nadharia: binadamu wa kale alitembea huku anafikiri, mti upi umezaa, njia ipi ya kurudi, na ubongo wetu ulijengwa katika mwendo huo. Ukiukalisha, unajibana matumizi.

Sasa turudi mitaani kwetu. Mzee akiinuka kwenda dukani, sisi vijana tunarukaruka: "Shikamoo babu, kaa bwana, nitakuletea." Akishika jembe, tunamnyang'anya. Akitaka kutembea hadi kwa rafiki yake, tunasema atagongwa na daladala. Tunaiita heshima. Mimi naona kuna heshima nyingine, ya kumwambia, "Babu, twende wote," ukampunguzia mwendo wako, akakusimulia njiani ni nani aliishi nyumba ile kabla haijavunjwa. Kwa sisi tunaotaka kuandika, hao ndio maktaba, na mzee anayesahau anaondoka na rafu nzima.

Kalamu naiweka chini. Mwenye hoja ya kunipinga aandike, nafasi ipo.