Mpini na Makali: Bastola Moja, Mikono Mingi

Wiki chache zilizopita, katika semina ya historia ya vita vya kikoloni, mwanafunzi mmoja alisimama na swali lililowachekesha wenzake. Alikuwa akisoma kuhusu bastola ya Marekani iitwayo M1911, na kila kitabu alichofungua kilimkutanisha na ugomvi wa wapiga risasi: toleo hili ni bora, toleo lile limeharibiwa, mpini ulikuwa mzuri ulipokuwa umenyooka, kifyatulio kimekuwa kizito. "Mwalimu," akauliza, "hawa watu wanagombea nini hasa kwa miaka yote hii?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, na jibu lenyewe ndilo hili.

Nikiri jambo moja mapema. Sijawahi kufyatua risasi. Kizazi changu kilimaliza kidato cha sita baada ya mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa kusitishwa mwaka 1994, kwa hiyo bastola naijua kwa nyaraka tu. Hata hivyo nyaraka zimenionesha jambo ambalo wapiga risasi wenyewe hawalisemi mara nyingi: kila toleo jipya la chombo ni uamuzi kuhusu mkono wa nani uhesabiwe. Wenye mkono uliohesabiwa hushangilia, na wenye mkono uliosahauliwa hulalamika. Zaidi ya hao lipo kundi la tatu, ambalo halikuulizwa kabisa.

Mfungwa wa Samar

Asili ya bastola hii ni vita vya ukoloni. Mwaka 1898 Marekani iliishinda Uhispania na kuichukua Ufilipino. Wafilipino waliokuwa wakipigania uhuru wao hawakukubali kubadilishiwa bwana, na mwaka uliofuata vita vikalipuka. Upande wa kusini, katika Mindanao na visiwa vya Sulu, Waislamu wa Moro waliendelea kupigana hadi mwaka 1913. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wamepewa rivolva iliyopokewa jeshini mwaka 1892, yenye risasi ya inchi 0.38. Ilikuwa nyepesi kuliko ile ya mwaka 1873 yenye risasi ya inchi 0.45, na ilijazwa risasi kwa haraka zaidi. Kwa wataalamu wa makao makuu, hayo yalikuwa maendeleo. Askari aliyekabiliwa na mtu mwenye panga hatua chache mbele yake aliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Malalamiko yakamiminika kwamba risasi ndogo haimwangushi adui, na rivolva za zamani zikatolewa maghalani na kurudishwa mikononi mwa askari.

Ushahidi unaotajwa mara kwa mara ni wa mtu mmoja. Tarehe 26 Oktoba 1905, katika kisiwa cha Samar, mfungwa aitwaye Antonio Caspi alijaribu kutoroka. Alipigwa risasi nne za rivolva ya inchi 0.38 kwa karibu, na bado akaendelea kupambana mpaka alipopigwa kitako cha bunduki kwenye paji la uso. Alitibiwa, akapona. Daktari wa jeshi Louis La Garde aliiandika habari hiyo katika kitabu chake kuhusu majeraha ya risasi, na waandishi wa historia ya silaha wameirithishana tangu hapo.

Naomba tusimame hapa kidogo. Katika maandishi mengi mno yaliyotolewa kuhusu bastola hii na zile zilizoitangulia, Caspi ni mmoja wa wachache waliopigwa risasi ambao tunawajua kwa majina. Lakini jina lake limehifadhiwa kama ushahidi wa kasoro ya rivolva. Kwa nini alifungwa, alikuwa akikimbilia wapi, nani alimngoja nyumbani, hayo hayakuwa sehemu ya uchunguzi. Siku hiyo alipopigwa, kusini mwa nchi yetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeingia mwezi wake wa nne. Wajerumani nao walikuwa wamewaona watu wakisonga mbele kuelekea bombomu pale Mahenge, wakapata maelezo mepesi ya ujasiri ule: ushirikina wa maji. Wamarekani walipata maelezo mepesi ya kwao: udogo wa risasi. Ujasiri wa watu wanaotetea nchi yao uligeuzwa jina. Huku ukaitwa ujinga, kule ukaitwa tatizo la kiufundi.

Mpanda farasi na kuruti

Tatizo la kiufundi lilitafutiwa dawa ya kiufundi. Mwaka 1904 La Garde na Kapteni John T. Thompson walifanya majaribio, yakiwamo ya machinjioni Chicago, kwa kupiga risasi ng'ombe na maiti za watu. Wakahitimisha kwamba risasi ya bastola ya jeshi isiwe chini ya inchi 0.45. Wachambuzi wa baadaye wameukosoa utaratibu wao, kwa kuwa wanyama walikuwa wachache na hawakupigwa kwa namna moja. Hata hivyo uamuzi ulisimama. Mbunifu John Moses Browning, akishirikiana na kampuni ya Colt, aliunda bastola inayojipakia yenyewe kutoka kwenye magazini ya risasi saba. Katika jaribio la mwisho la Machi 1911 ilipigwa risasi 6,000. Ilipopata joto kupita kiasi ilichovywa majini, kisha kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja, ilhali mshindani wake, Savage, alipata hitilafu 37. Tarehe 29 Machi 1911 jeshi likaipokea.

Hata kabla ya siku hiyo mkono ulikuwa umekwisha kusema. Mpanda farasi ana mkono mmoja tu wa kushika silaha, kwa kuwa mwingine umeshika hatamu. Farasi akishtuka, bastola iliyokwisha kukokiwa ni hatari kwa mpandaji na kwa mnyama wake. Ndiyo maana ikawekewa kizuizi kinachofunguka pale tu mpini unaposhikwa barabara, na mwaka 1910 kikaongezwa kizuizi cha pili cha kidole gumba, kwa matakwa ya wapanda farasi. Wapanda farasi wameondoka katika uwanja wa vita, lakini vizuizi vyao vimebaki. Anayeishika bastola hiyo leo anashika hoja ya mtu wa hatamu.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mikono mingine, ya makuruti waliotoka mashambani na viwandani, ambao wengi wao hawakuwahi kushika bastola. Wenye vidole vifupi walikuta kifyatulio kiko mbali. Nyundo ya nyuma iliporudi, ilibana nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Risasi za wengi zilitua chini ya shabaha. Jeshi lilisikiliza, na mwaka 1926 likatoka toleo la M1911A1: kifyatulio kilifupishwa, fremu ikachongwa kidogo nyuma yake ili kidole kifike, mkia wa kizuizi cha mpini ukarefushwa ili kukinga nyama ya mkono, na sehemu ya nyuma ya mpini, iliyokuwa imenyooka, ikapewa kibiongo ili kuinua mtutu. Mashine ya ndani haikuguswa.

Mapokezi yaligawanyika. Mwenye kiganja kidogo alishukuru. Mwenye kiganja kikubwa, aliyekwisha kuizoea ile ya kwanza, alihisi kibiongo kinasukuma mtutu juu kuliko anavyotaka, akarudisha kipande cha zamani kilichonyooka. Je, walalamikaji walikuwa wakaidi tu? Muda umetoa jibu lenye pande mbili. Bastola nyingi za aina hii zinazotengenezwa siku hizi zimerudia mpini ulionyooka na kifyatulio kirefu. Mkia mrefu, kwa upande wake, umebaki na hata kuzidi kurefushwa. Hakuna aliyetamani tena kubanwa nyama. Yaani ndani ya lalamiko moja mazoea na maarifa vilikuwa vimechanganyika, na isingewezekana kuvitenganisha bila kumsikiliza mlalamikaji mpaka mwisho.

Usalama wa nani?

Mwaka 1983 Colt ilitoa toleo la kiraia lililoitwa Series 80. Ndani yake kulikuwa na kizuizi kipya kinachoizuia pini isigonge risasi mpaka kifyatulio kivutwe, ili bastola ikianguka sakafuni isifyatuke. Wazo lenyewe halikuwa geni. Kampuni hiyohiyo ilijaribu kizuizi cha namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930, kabla ya Vita Kuu ya Pili kulisukuma kando. Wapiga shabaha wa mashindano hawakufurahi. Kwao kifyatulio laini ndicho chombo chenyewe, na vipande vilivyoongezwa ndani vilikifanya kiwe kizito na chenye mkwaruzo. Wapo waliovitoa. Mtetezi wa Series 80 aliuliza swali la haki: bastola ikianguka, risasi inayotoka inakwenda kwa nani? Kwa kila hatua niliyoifuatilia, hapa ndipo maslahi ya asiyeshika mpini yaliingia kwa uwazi zaidi ndani ya chombo, na hapo ndipo sehemu ya washika mpini walipoona wameharibiwa starehe yao.

Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likaiacha M1911A1 na kuchukua bastola ya Beretta, iliyopewa jina M9. Risasi yake ilikuwa ya milimita 9, kama ya washirika wengi wa NATO, na magazini yake ilibeba risasi 15. Sauti za zamani zikaamka: tumesahau Ufilipino, tumerudi kwenye risasi ndogo! Walioikumbuka ile ya zamani kwa mahaba walisahau kwamba jeshi halikununua mpya tangu mwaka 1945, na zilizokuwa ghalani zilikuwa zimechakaa. Lakini hofu zote hazikuwa za mahaba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sehemu ya juu ya baadhi ya bastola mpya ilivunjika wakati wa kupiga risasi, na askari kadhaa, wakiwamo wa kikosi maalumu cha majini, walijeruhiwa usoni. Mtengenezaji alilaumu risasi zenye nguvu kupita kiasi. Upande wa jeshi ulitazama ubora wa chuma. Hatimaye iliongezwa pini yenye kichwa kikubwa ya kuzuia kipande kilichovunjika kisimrukie mpigaji. Aliyesema "chombo hiki kina walakini" aliitwa mpinga mabadiliko mpaka damu ilipomshuhudia.

Risasi ndogo ina mshtuko mdogo, jambo ambalo wengi walilitaja kama faida kwa askari wanawake, waliokuwa wakiongezeka jeshini. Ajabu ni kwamba mpini wa M9 ulikuwa mnene, kwa sababu ulibeba risasi mbilimbili, na viganja vidogo vikapata shida upya. Ilipofika Januari 2017 jeshi lilichagua bastola nyingine, ya SIG Sauer, iliyoitwa M17, ambayo mpini wake unabadilishwa: mdogo, wa kati, mkubwa. Imechukua zaidi ya karne moja kukiri kwamba hakuna mkono mmoja wa kipimo.

Swali la kuondoka nalo

Katika taasisi moja niliyowahi kufanya kazi tuliletewa mfumo mpya wa kuingizia matokeo ya wanafunzi. Makarani waliosema kwamba unapoteza alama waliambiwa wanaogopa kompyuta. Alama zilipotea. Wanafunzi, ambao hawakuwahi kuugusa mfumo ule, ndio waliozunguka ofisi hadi ofisi wakitafuta maisha yao. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii ana mifano yake, na yumkini ni mibaya kuliko wangu. Toleo jipya la sheria, la fomu au la mfumo linapofika mezani, karani aulizwe, na mlalamikaji asikilizwe kabla ya kupachikwa jina.

Lakini historia ya M1911 inatuonya kwamba kumsikiliza mshika mpini peke yake hakutoshi. Jeshi lile lilisikiliza sana: lilimsikiliza mpanda farasi, kuruti na mwenye kiganja kidogo. Machi 1906, katika mlima wa Bud Dajo kisiwani Jolo, jeshi hilohilo liliua mamia ya Wamoro, wanawake na watoto wakiwamo, na hakuna bodi ya majaribio iliyokaa kuuliza wao walikuwa na maoni gani kuhusu kipenyo cha risasi. Bunge lolote linapojadili silaha za polisi wake, lijadili ubora na bei, ndiyo, lakini liulize pia zitamwelekea nani, na huyo ameketi wapi katika chumba hicho.

Mwanafunzi wangu nimemwambia aendelee na insha yake, ila aianze na Antonio Caspi.