Tendegu na Ufito wa Mvuvi

Ukishuka Milima ya Upare hadi Maore, wilayani Same, unafika kwenye uwanda wa Bwawa la Kalimawe. Mvuvi wa maji kama hayo huhitaji ufito umfikishe mbali na ukingo. Mwenzake wa pwani tangu kale alitegemea mshipi wa mkononi, nyavu na madema. Ndiyo maana mafundi wa Lamu na Unguja, wenye kerezo, walikereza matendegu ya vitanda, si mipini ya fito.

Lakini tendegu ni mwalimu. Fundi aliuzungusha mti kwa uzi wa upinde, patasi ikikata katika mzunguko wa kwenda na kutulia katika wa kurudi. Alichonga pete na shingo nyembamba. Ila pale inapoingia mifumbati aliuacha mti mnene, usipasuke. Huko Upare nako, ambako Ugweno ilisifika kwa wahunzi wake, mpini wa jembe ulifuata kanuni iyo hiyo: kichwa kinene panapopenya mkia wa chuma.

Basi atakayekereza mpini wa ufito aunenepeshe panapochomekwa ufito, auwembambishe pa kushikia. Uzuri huo umezaliwa na kazi. Fundi akiondoka bila mwanafunzi, kerezo lake huwa kuni.