Kubuni njia ndefu za mbio za porini katika mchezo wa FUEL

FUEL, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari na pikipiki, ulitengenezwa na kampuni ya Asobo Studio ya Ufaransa na kutolewa mwaka 2009 na Codemasters ya Uingereza. Ardhi yake, inayoiga nyika na milima ya Marekani, ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, ukubwa ulioupatia mchezo huo rekodi ya dunia ya Guinness.

Mchezaji anayebuni mbio zake hachongi barabara. Huchagua vituo juu ya ramani, na washindani huvipitia kwa mfuatano. Kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini ndipo mbio ndefu nyingi zinapoharibikia. Vituo vikisongamana, dereva huswagwa kama ng'ombe, na upana wote wa nyika huwa hauna maana. Vikiachana mno, atakata kilima moja kwa moja, na njia ya bondeni iliyokusudiwa haitapitwa na mtu. Afadhali kituo kiwekwe pasipokwepeka, kama vile kwenye kivuko cha mto au mwanya kati ya milima miwili, kisha dereva aachiwe kujitafutia njia.

Mteremko mkali ukikaa karibu na mwisho, kosa moja hufuta jasho la nusu saa nzima. Wengi hapo huzima mchezo. Mteremko wa namna hiyo hufaa mapema, ukifuatiwa na kipande cha lami cha kupumzishia mikono. Aina ya chombo nayo izingatiwe: pikipiki hupenya kati ya miti ambamo lori hukwama.