Wimbo wa Jadi na Upya Wake: Baningi wa Usukuma ya Mashariki

Mhadhara huu unachunguza swali moja: manju anayeimba wimbo wa jadi kwa namna mpya mbele ya hadhira, je, anauharibu au anauendeleza?

Mkoa wa Simiyu, wenye makao yake makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Utamaduni wa ngoma wa eneo hilo, hata hivyo, ni mkongwe kuliko mipaka hiyo. Tangu karne ya 19, wachezaji wa Kisukuma wamejigawa katika vyama viwili vikuu vyenye upinzani, Bagalu na Bagika, ambavyo simulizi huvinasibisha na waganga wawili, Gumha na Ngika. Msimu wa mavuno upitapo, vyama hivyo hushindana uwanjani kwa wakati mmoja. Mwamuzi ni umati wenyewe: upande unaovutia watu wengi zaidi ndio mshindi.

Utaratibu huo ndio unaomlazimisha ningi, yaani manju wa Kisukuma, kuwa mbunifu. Anapokea lahani na kiitikio ambavyo hadhira inavijua, kisha anavitilia maneno ya siku hiyo: bei ya pamba, ukame, tambo dhidi ya mpinzani, na aghalabu jina lake mwenyewe. Akirudia tu ya mwaka jana, watu humhama. Akiacha kabisa ya zamani, hakuna wa kumwitikia. Upya wake, basi, unabebwa na ukale.

Profesa Mulokozi ametufundisha kuiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na fanani, hadhira, fani, mahali, wakati na tukio lenyewe. Tukiukubali mtazamo huo, hatuna budi kukubali pia kwamba matini tuliyoinukuu daftarini ni utendaji mmoja tu miongoni mwa mingi. Si "wimbo halisi" ambao mingine yote ni upotofu wake.

Mfano ulio wazi ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Shambani, mapigo yake yaliratibu mikono ya wakulima. Baada ya uhuru iliingia jukwaani kupitia kikundi cha ngoma cha taifa, ikafupishwa, na jembe lililokuwa zana likawa pambo la mchezo. Mkulima aliyekuwa mtendaji akawa mtazamaji. Hapo mabadiliko hayakuishia katika maneno: uhusiano wa fanani na hadhira ndio uliobadilika, na hasara yake yapasa kupimwa hapo.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilizilinda sanaa za jadi kama urithi wa jamii, na kazi za watunzi kama mali yao binafsi. Ningi yuko katikati. Lahani ni ya ukoo na chama; maneno, na jina lililomo ndani yake, ni yake. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 kuhusu Kalikali na Mwinamila, alikwisha kuonyesha kwamba waimbaji hawa ni watunzi wenye majina na misimamo.

Kwa hiyo, mtafiti aendaye Bariadi na kinasa sauti aandike jina la ningi, mahali, tarehe, na upande aliouimbia. Asipofanya hivyo, atakuwa amehifadhi wimbo na kumpoteza mtunzi.