Jinsi konyeza alivyowezesha protini kuonekana ndani ya seli hai

KWA miaka mingi, wataalamu wa baiolojia waliotaka kujua protini fulani inakaa wapi ndani ya seli, aghalabu waliiua kwanza seli hiyo kwa kemikali na kuitia rangi, ndipo waitazame kwa hadubini. Walichokipata kilikuwa kama picha ya mnato: mahali palionekana, mwendo haukuonekana.

Ufumbuzi ulitoka baharini. Mwaka 1962, Osamu Shimomura, mzaliwa wa Japani aliyefanya utafiti wake Marekani, pamoja na wenzake walieleza protini waliyoikuta katika konyeza wa Bahari ya Pasifiki. Protini hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama GFP, hung'aa kijani inapomulikwa kwa mwanga wa buluu.

Mwaka 1992, Douglas Prasher alifanikiwa kuipata jeni yake. Miaka miwili baadaye, Martin Chalfie alionyesha kuwa jeni hiyo ikitiwa katika bakteria au mnyoo, viumbe hao hung'aa. Roger Tsien naye akabuni rangi nyingine. Shimomura, Chalfie na Tsien walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Katika utafiti, jeni ya GFP huunganishwa na jeni ya protini inayochunguzwa, na seli yenyewe hutengeneza protini hiyo ikiwa na mkia unaong'aa. Hadubini huimulika seli kwa mwanga wa buluu, kisha kichujio huuzuia mwanga huo na kupitisha ule wa kijani pekee.

Protini za aina hii zimesaidia pia utafiti wa malaria. Mwaka 2006, watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa walichapisha matokeo ya kufuatilia vimelea ving'aavyo ndani ya panya hai. Baada ya mbu kuuma, baadhi ya vimelea viliingia katika mishipa ya damu, vingine katika mishipa ya limfu, na vingine vikabaki ngozini. Safari hiyo isingeweza kufuatiliwa katika seli zilizokufa.

Hata hivyo, mbinu hii inahitaji uangalifu. Mwanga mkali unaweza kudhuru seli na kufifisha mng'ao, na mkia unaweza kubadili tabia ya protini. Kwa sababu hiyo, mtafiti hulazimika kuthibitisha kwanza kuwa protini iliyofungwa taa bado inafanya kazi yake ya kawaida.