Garanti haikuzaliwa dukani

Mwaka jana mashini ya kufua ya mama ilikatala kutosha maji. Ilikuwa na miezi ine tu, na garanti ya mwaka moja. Kwenye duka wakatuambia: "Ni umeme njo iliiharibu. Garanti haiingie mule. Mulipe pompi na kazi ya fundi."

Mimi nilisoma sheria, lakini pale nilibaki kimya. Nyumbani nikarudilia madaftari yangu.

Hii mambo ni ya zamani sana. Kule Roma, wasimamizi wa soko waliamuru muuzaji wa watumwa ao wa wanyama aseme magonjwa na kasoro mbele ya kuuza. Akificha, mnunuzi alikuwa na miezi 6 ya kurudisha, ao mwaka 1 wa kuomba bei ipunguzwe. Inauma kusoma: sheria yenye inatulinda leo ilikomea kwenye soko ya kuuza watu. Kodi ya Napoléon ya 1804 ikachukua wazo lile, Ubelgiji ikalirisi, na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ikalileta huku, katika dola ya Léopold II. Uhuru wa 1960 haukuifuta. Mpaka leo inasema: kasoro iliyofichika, yenye ilikuwapo mbele ya kuuza, ni deni la muuzaji. Lakini mnunuzi njo anapaswa kuileta ushahidi, tena bila kukawia.

Kumbe kupima mashini si kazi ya fundi tu, ni kutafuta ushahidi. Tukaita fundi mwingine, dola 10. Akaitosha kwenye umeme, akafungua filtri kule chini: safi, hakuna kifungo wala makuta. Mpira wa maji haukukunjika. Akapima pompi na multimetre: waya wa ndani umekatika. Moteri na karte ya elektroniki viko bien. Akasema, kama umeme ungepanda sana, pengine karte pia ingeungua. Yote akaandika, akatia sinyatire.

Tukarudi na ile karatasi na dekreti. Patron akasoma mara mbili, akatoa pompi bure. Kazi ya kuifunga tulilipa sisi wenyewe, hapo sikushinda.

Katika njia mama akacheka: "Mwanangu, leo njo nimeona ile minervali ilienda wapi."